Dawa Inavyopungua Kwenye Jani la Sukuma Wiki

Mkulima wa mahindi huvuna mara moja. Wa sukuma wiki huchuma majani ya chini leo, na baada ya wiki anarudi kwenye mashina yaleyale, huku vidukari navyo vikiwa vimerudi. Ugumu wote wa mabaki ya viuatilifu katika mboga za majani unaanzia hapo: kati ya bomba la kupulizia dawa na kisu kuna siku chache mno.

Kinachopotea kila siku ni sehemu ya kilichobaki, si kiasi kilekile. Tuseme jani lina miligramu 8 za dawa kwa kilo, nayo hupungua nusu kila baada ya siku 3. Siku ya 3 zimebaki 4, ya 6 zimebaki 2, ya 9 imebaki 1. Aliyechuma siku ya 3 amepeleka sokoni mara nne ya yule aliyesubiri hadi ya 9. Jani lenyewe ni pana na jepesi, hivyo kilo moja ya mchicha hunasa dawa nyingi kuliko kilo ya kabichi iliyojifunga, ambayo majani yake ya nje hubanduliwa na kutupwa.

Jua ndilo mvunjaji mkubwa, na pareto inalionyesha hilo vizuri. Sumu ya maua yake huua wadudu upesi, lakini juani huharibika ndani ya saa chache. Mwaka 1973, Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini: walibadilisha sehemu za molekuli zilizokuwa zikivunjwa na mwanga, wakatia klorini. Mkulima akapata dawa inayodumu shambani kwa siku nyingi. Mlaji naye akapata siku za kusubiri.

Kuvunjika, hata hivyo, si lazima kuwe kupoa. Daimethoeti hupenya ndani ya mmea, na humo sehemu yake hugeuka omethoeti, yenye sumu kali zaidi. Maji ya bomba hayaifikii. Kuosha husaidia kwa dawa iliyokaa juu ya jani, na hata hiyo ikishazama kwenye nta hutoka kwa shida. Jiko nalo si kinga ya kutegemewa: mankozebu, dawa ya ukungu, ikipikwa hutoa ETU, kemikali inayovuruga tezi ya shingo. Naona ni kosa kumtwisha mama wa jikoni kazi ambayo ilipaswa kumalizwa bustanini.

Kwa bustani inayochumwa kila wiki, dawa ambayo kibandiko chake kinataka siku 14 za kusubiri haifai, hata iwe inaua vidukari kiasi gani. Itafutwe iliyosajiliwa kwa mboga hiyo na yenye siku chache. Na mpangilio ugeuzwe: majani yaliyokomaa yachumwe kwanza, ndipo bomba lipite. Machipukizi yaliyobaki yataendelea kutanuka, na kadiri yanavyoongezeka uzito, dawa iliyomo katika kila kilo hupungua hata kabla jua halijafanya kazi yake.