Mrehani wa Taa, Kivumbasi cha Jua

Anayenunua majani ya dawa kwa macho huuziwa rangi. Kijani kibichi hakisumbui kukipata: mwagilia sana, tia mbolea ya chumvichumvi, weka kopo mahali pasipo jua kali, na baada ya wiki chache mrehani utakuwa na majani mapana, laini, ya kupigia picha. Kigumu ni harufu. Kwa mrehani, kivumbasi, mchaichai na nanaa, harufu ndiyo mali yenyewe. Ikikosekana, umebeba majani tu.

Kwa mtu wa huku Ndundu, mkoani Pwani, habari ya kuotesha mitishamba kwa taa inaweza kusikika kama kichekesho. Jua si tatizo huku. Tupo kama nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haizidi saa moja. Jua la saa sita likiwaka sawasawa, mwanga wake hufika lux 100,000 hivi, ilhali sebule yenye balbu ya kawaida haivuki mia chache. Anayeweka kopo la mrehani juu ya kabati la runinga akategemea balbu ya sebuleni anajidanganya. Mmea utaishi, utarefuka, utaonekana mzima, na hautanukia.

Lakini mambo yamebadilika. Mto Rufiji unaopita chini ya Daraja la Mkapa, lile la karibu mita 970 lililofunguliwa mwaka 2003 na kutuondolea foleni ya pantoni, ndio uleule unaozungusha mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere huko juu, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Umeme umekuwa jambo la kuzungumzwa vijijini, na taa za LED zimeshuka bei. Jamaa zetu walioko London au Oslo hawana hiari: Desemba mchana wao hushuka chini ya saa nane, na bila taa mrehani wa dirishani hufa kwa huzuni. Kwa hiyo majani ya taa yapo na yatazidi kuwapo, na mnunuzi anapaswa kujua kuyapima.

Hata Ndundu kwenyewe taa ina kazi moja ambayo jua haliiwezi, nayo ni ya usiku. Masika, kati ya Machi na Mei, mrehani hushikwa na ukungu mmoja mbaya: jani linapauka manjano kwa juu kama lenye njaa ya mbolea, ukiligeuza unakuta vumbi la kijivu upande wa chini. Ugonjwa huu uliripotiwa kwanza Uganda miaka ya 1930, ukakaa kimya miongo mingi, halafu ukasambaa duniani baada ya mwaka 2000. Ukungu huo hutoa mbegu zake usiku, jani likiwa limelowa na giza limetanda kwa saa kadhaa mfululizo. Watafiti wa Israel walionyesha kwamba taa, hasa nyekundu, ikiwashwa usiku kucha huuzuia kutoa mbegu. Mkulima wa mrehani wa bondeni akiniuliza kama anunue taa, nitamjibu anunue kwa sababu hii kabla ya nyingine yoyote. Na mnunuzi, kabla hujafanya lolote, geuza jani. Ukiona kijivu, rudisha fungu.

Baada ya hapo utoe mmea chini ya taa. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hulipuuza. Taa nyingi za kukuzia mimea huchanganya nyekundu na bluu, chumba kizima kikawa zambarau. Katika mwanga huo jani la kijani huonekana jeusi, na lenye manjano hufanana na lenye afya. Peleka kopo mlangoni, kwenye mwanga wa mchana, ndipo utazame.

Anza na shina. Mrehani, kivumbasi na nanaa ni ukoo mmoja, na shina lao lina pembe nne. Liviringishe kati ya vidole, pembe zinapaswa kukugusa. Shina laini, la mviringo kidoleni, lenye pingili ndefu, ni la mmea uliokuwa unaitafuta taa iliyowekwa mbali mno. Pingili fupi na majani yaliyokaribiana ni dalili ya mwanga wa kutosha. Kinyume chake kipo pia: ncha zilizopauka na kingo zilizojikunja zinasema taa ilikuwa karibu kupita kiasi. Mwenye taa anaweza kujipima bila chombo chochote. Aweke mgongo wa kiganja pale majani ya juu yalipo. Akihisi joto, ainue taa. Ajue pia kwamba akiongeza umbali wa balbu mara mbili, mwanga unaofika hubaki kama robo.

Kisha ukubwa wa jani, ambao hudanganya kuliko yote. Mafuta ya mrehani hukaa katika vifuko vidogo mno juu ya ngozi ya jani. Ukiinamisha jani kwenye jua utaviona kama vitone vinavyometameta. Jani changa huwa navyo vimesongamana, na jani likitanuka vitone huachana. Ndiyo maana jani pana kama kiganja cha mtoto lina harufu hafifu kuliko jani dogo la kileleni la ukubwa wa kucha, hata kama yametoka tawi moja. Wanaosokota vikuba kwa asumini, mkadi na mrehani hawachukui majani ya chini. Wanachuma vilele, na wanachuma kabla maua hayajakomaa.

Sasa harufu. Sugua jani moja, moja tu, kati ya dole gumba na cha shahada, unuse mara moja, usiendelee kunusa maana pua huchoka upesi. Mrehani mzuri hauna harufu moja: kuna utamu wa maua, kuna ukali kidogo kama wa bizari tamu, na nyuma yake karafuu kwa mbali. Mrehani uliolishwa maji na mbolea kuliko mwanga hunuka nyasi iliyofyekwa. Baada ya hapo achana na vidole vyako, zungumza na mchuuzi, uliza bei ya vitu vingine, kisha nusa tena. Harufu ya jani la maana itakuwa bado ipo kidoleni.

Kivumbasi kinahitaji mnunuzi mwelewa zaidi, kwa sababu vipo vya harufu tofauti na vyote ni halali. Kimoja hunukia karafuu, kwa kuwa mafuta yake yamejaa kiini kilekile kilichomo kwenye karafuu. Kingine kina ukali wa ajwaini. Usimwite mchuuzi mwongo kwa kuwa kivumbasi chake hakifanani na cha bibi yako. Muulize anayekiagiza, awe mganga au mama anayetaka kumfukiza mtu nyungu, ni kipi anachokitaka. Kuhusu mbu, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kutoka kaskazini mashariki mwa Tanzania uliikuta jamii hii ya mimea ikitumika na kusaidia kuwafukuza. Hilo si ruhusa ya kuacha chandarua, na mkoa huu wa Pwani unaijua malaria.

Mchaichai usiusugue. Mafuta yake yamo ndani ya jani, siyo juu, kwa hiyo ukiupapasa hautakupa kitu na utaudharau bure. Ukunje jani, ulivunje, uchane sehemu ya chini iliyo nyeupe. Ndimu inapaswa kutoka kwa kishindo. Mchaichai uliochoka unanuka makuti makavu.

Majani yaliyokaushwa yana hesabu yake. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za mrehani mbichi ni maji, hivyo kilo moja ikikauka kweli hubaki gramu 100 au pungufu. Anayekuambia kilo mbili zilimpa nusu kilo anakuuzia maji kwa bei ya dawa. Na unyevu wa delta ya Rufiji haumwachi mtu: kilichokauka Jumatatu kinaweza kuwa teketeke Alhamisi. Tia kiasi kwenye chupa safi ya kioo, funga, acha usiku mmoja. Kioo kikiota umande asubuhi, hayo yataota kuvu. Rangi inayofaa ni kijani cha kijivu. Weusi ni wa majani yaliyorundikwa yakiwa mabichi, kahawia iliyopauka ni ya majani yaliyoanikwa juani, juu ya bati au kandokando ya lami, ambako mafuta yameruka na vumbi la malori limebaki. Ungo, kivuli na upepo vinatosha. Nusa pia kama kuna mgeni: majani makavu huvuta harufu za jirani, na fungu lililosafiri gari moja na kamba wakavu kutoka Nyamisati halitapona tena. Kama ni dawa iliyofungashwa yenye maelezo ya kutibu, uliza usajili wake kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Je, taa inaweza kutoa harufu sawa na ya jua? Inakaribia. Jua lina mionzi ya urujuanimno ambayo taa nyingi za LED hazina, na majaribio yameonyesha kwamba mrehani unaoipata huzidisha mafuta. Wakulima wajanja hulea miche ndani, kisha siku za mwisho kabla ya kuvuna huitoa nje, kwanza asubuhi tu, halafu mchana mzima, ili isiungue. Mrehani uliomalizwa juani namna hiyo naukubali bila kusita. Gharama nayo si ya kutisha kwa bustani ya kopo: taa ya wati 40 ikiwaka saa 16 hula uniti 0.64 kwa siku, kama 19 kwa mwezi. Saa nane zilizobaki iache miche ipumzike gizani, isipokuwa masika, ukungu ukiwa umebisha hodi.

Hukumu yangu ni hii. Nanaa ya taa nunua, haina shida. Mrehani wa taa nunua kwa chai na mchuzi, na kwa kikuba ukihakikisha umeonja jua. Kivumbasi cha dawa kisiwe cha chumbani. Kinaota chenyewe pembeni mwa mashamba ya mikorosho na hakuna taa itakayokishinda hapo. Mchaichai chini ya taa, kwa mtu anayeishi huku, ni kuchezea umeme wa luku. Na mchuuzi akikukataza kusugua hata jani moja, mwachie fungu lake.