Kiondo Kisichouzwa

Mama mdogo huanza kwa kukaa. Akishatandika leso na kuvipanga viondo, vikubwa nyuma na vidogo mbele, haiti mtu. Huketi kwenye kigoda chake, hutoa uzi wa katani na kuendelea na kiondo alichokiacha nusu jana usiku. Kitako kimekwisha, ukuta umepanda kama vidole vinne, na nyuzi za kusimama zimetawanyika pande zote kama miale ya jua. Huchukua nyuzi mbili za kulala, huzipishanisha mbele na nyuma ya ule unaosimama, huvuta, husogea. Katani ikimpungukia, hukunja leso kidogo na kusokota nyingine pajani kwa kiganja, mbele za watu. Hazipiti dakika tano kabla mtu hajasimama.

Swali la kwanza ni lile lile kila mahali, iwe siku ya soko Masii, Tala au Wamunyu, au kwenye maonyesho ya kilimo hapa Machakos mjini: “Hicho ni pesa ngapi?” Watu wana viondo thelathini mbele yao na wanataka kile kilichomo mikononi mwake. Naye hujibu bila kuinua macho, “Hiki hakijaisha, mwanangu. Tazama ndugu zake.” Mtu huinama kuwatazama ndugu zake. Biashara imeanza.

Tangu utotoni mimi ndiye mbeba mizigo yake, na nimechukua miaka mingi kuelewa kwamba ninayemfuata ni fundi wa kazi mbili. Ya kusuka inasifiwa na kila mtu. Ya kuuza haina msifu, na ndiyo ninayotaka kuisifu.

Mwenye duka ana mlango. Ukinunua kitu kibovu kwake, kesho utaukuta mlango pale pale. Muuzaji wa maonyesho hana mlango. Jioni turubai litashushwa, vigingi vitang’olewa, na pale alipokuwa ameketi patabaki nyasi zilizolala. Mnunuzi analijua hilo hata asipolisema, ndiyo maana macho yake huwa na wasiwasi. Kwa hiyo kazi ya muuzaji huyu ni kumfanya mtu asiyemjua amwamini, kwa dakika chache, kelele za spika zikitoka kila upande. Ile mikono inayosuka ni ushahidi: kitu hiki kimetoka kwangu, hakikutoka kwenye boksi.

Ushahidi wa pili umo kwenye gorogoro. Mama mdogo hubeba gorogoro moja, bati la kupimia nafaka, lililojaa ndengu kila anapokwenda kuuza, na ndengu hizo haziuzi. Mteja akiwa amekishika kiondo, akikigeuza na kukivuta vuta mkanda, mama huzimimina ndengu zote ndani, shwaaa, kisha humwambia, “Beba.” Mteja hubeba. Kiondo kinakaa begani, mdomo haupanuki, mkanda wa ngozi haulii. Hapo ndipo bei inapotajwa, wala si kabla. Mzigo ulio begani mwako tayari umeshakuwa wako kidogo.

Na akishataja bei, hunyamaza. Wauzaji wengi huogopa kimya na kukijaza maneno, wakijipunguzia bei wenyewe kabla mnunuzi hajafungua kinywa. Yeye hurudi kwenye kusuka. Mteja husema, “Mwaitu, nipunguzie,” kwa sababu hapa Ukambani mwanamke wa umri wake huitwa mama na watu wote. Naye hupunguza, maana kukataa kuongea bei sokoni ni kumnyima mtu heshima. Lakini hupunguza mara moja tu, na kiasi ambacho wenzake wa kikundi walishakubaliana nyumbani. Viondo vile si vyake peke yake. Ni vya wanawake wa mwethya wao, yaani kikundi chao cha kusaidiana, na ndani ya kila kimoja, penye mshono wa mkanda, kuna fundo la mwenyewe: moja la uzi mwekundu, mawili ya bluu, moja refu. Kikiuzwa, mimi huandika fundo na bei kwenye daftari. Usiku hatuhesabu pesa kwanza, tunahesabu mafundo.

Huwa najiuliza alijifunza wapi haya, na jibu lake ni fupi: kwa mama yake. Nadhani mama huyo naye aliyapata mbali. Wakamba walikuwa wakienda na kurudi pwani na pembe za ndovu muda mrefu kabla ya reli. Mmisionari Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849, alikuwa mgeni wa Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara ambaye misafara yake ilifika Mombasa. Mtu hapiti nchi za watu wengine akiuza na kununua bila kujua namna ya kumtuliza asiyemjua. Mji wetu wenyewe unajua thamani ya mteja anayekuja kwa hiari. Waingereza walipiga kambi ya utawala hapa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na mwaka 1899, baada ya reli kuupita mji huu kando, wakahamia Nairobi. Machakos ilibaki na vilima vyake na soko lake. Tangu hapo, anayekuja huku hajashushwa na treni. Ameamua kuja.

Kuna sababu nyingine ya kuuthamini uuzaji wa ana kwa ana. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vya Kenya vilipendwa sana Ulaya na Marekani. Wasukaji walikusanya, dalali akaja na gari, akalipa alichotaka, akaondoka. Msukaji wa kijijini hakujua kiondo chake kilibebwa na nani wala kilisifiwa kwa nini. Kisha viwanda vya Asia vikaanza kutoa vya kuiga, vya bei ya chini, na madalali wakapungua. Wale wanawake walibaki na ufundi kamili mikononi na bila mteja hata mmoja wanayemjua kwa sura. Hasara hiyo naiona kubwa kuliko ya pesa.

Mama mdogo anawajua kwa sura. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, soko zima lilianza kutafuta kitu cha kubebea sukuma wiki na nyanya. Wengine walileta mifuko ya kitambaa kwa maelfu. Yeye alikaa siku mbili za soko akisikiliza. Aliwaona akina mama wakikishika kiondo, wakipima mkanda kwa mkono, wakikirudisha. Mmoja ndiye aliyemwambia: mkanda mfupi, nikimbeba mtoto mgongoni hakikai. Wiki iliyofuata kulikuwa na viondo vitano vya mkanda mrefu na mdomo mpana. Viliisha kabla ya saa sita. Habari ya namna hiyo dalali hakuwahi kuileta kijijini.

Mwaka mmoja, kwenye maonyesho ambayo sitayataja, tulilipa ada kama wengine na tukapewa nafasi ya nyuma kabisa, karibu na vyoo. Mbele walikuwa wenye mahema makubwa na muziki. Nilikasirika, nikataka kwenda kugombana. Mama mdogo alichagua viondo vitatu vilivyong’aa kuliko vyote, vya mistari ya machungwa na zambarau, akaviuza kwa bei ya chini ambayo hata mimi niliona uchungu kuiandika kwenye daftari. Kwa kila mnunuzi alikuwa na ombi moja: “Usikikunje ukakitia mfukoni. Kivae begani, utembee nacho.” Wakatembea nacho. Walipita mbele ya mahema makubwa, penye mbuzi wa maziwa, penye foleni ya soda. Kufikia saa nane watu walikuwa wanakuja hadi nyuma kule, wakiuliza yuko wapi yule mama wa viondo vya machungwa. Nimesoma na kusikia mengi kuhusu kutangaza biashara, ila sijaona akili iliyonyooka kuliko ile.

Ushahidi wa tatu hauonekani siku hiyo. Chini ya mshono wa mkanda, karibu na lile fundo, mama mdogo hushona kipande cha leso kisichozidi upana wa kidole gumba, chenye namba yake ya simu kwa kalamu isiyofutika. Mteja hamwonyeshi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema atakayeihitaji ataiona.

Mwezi wa pili mwaka huu, msimu wa maembe ukiwa unaishia, simu yake ililia tukiwa tunafunga mizigo Wamunyu. Alikuwa mwanamke wa Eldoret. Mkanda ulikuwa umekatika, na alipokuwa akiuchunguza ndipo alipoiona namba. Alinunua kiondo Machakos, alisema, zamani kidogo, hakumbuki mwaka, na hakuwa na uhakika kama mwenye namba bado yupo.

Mama mdogo aliweka simu begani, akaendelea kufunga kamba ya mzigo kwa mikono yote miwili. “Kina mistari gani?” aliuliza. Akasikiliza. “Na fundo je, angalia ndani, ni la rangi gani?” Akasikiliza tena, akatabasamu, akanigeukia na kuniambia nitafute kwenye daftari la zamani, lile lenye jalada la kijani, fundo moja refu jeusi, kisha akamwambia yule mwanamke akiweke kwenye gari la asubuhi, mkanda mpya hautamgharimu kitu.