Mkulima mmoja, msimu mzima

Mkulima wa Kilimarondo akifikisha korosho ghalani, karani anataka kitu kimoja kwenye kompyuta: rekodi ya mkulima huyo. Namba anayo tayari. Hapo kusoma kwa ufunguo kunatosha. Amri ya CHAIN katika lugha ya RPG, kwenye mashine za AS/400 ambazo IBM ilizitoa mwaka 1988, hupita hatua chache za faharasa na kuileta rekodi. Faili likifunguliwa kwa marekebisho, huifunga papo hapo, makarani wawili wasiandike malipo juu yake kwa pamoja. SQL, lugha ya kuuliza kanzidata, nayo itafika, ila kwanza sentensi yake ichambuliwe na njia ipangwe. Ukiiandaa mara moja na kuitumia tena na tena, tofauti hupungua sana.

Mwaka 2018 swali lilikuwa zito zaidi. Serikali iliamua kununua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, na wakulima wakahakikiwa kabla ya kulipwa ili kangomba, walanguzi wanaonunua kwa bei ya kutupa nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, wasijipenyeze. Kwa kanzidata, swali ni hili: nani ameleta kilo nyingi kuliko shamba lake linavyoweza kuzaa?

Kwa rekodi moja moja, utamfungua kila mkulima, ujumlishe mauzo yake, utafute shamba lake, ulinganishe, kisha uhamie kwa anayefuata. SQL inataka sentensi moja: unganisha mauzo na mashamba, jumlisha kwa namba ya mkulima, onyesha waliozidi. Kanzidata ndiyo inayoamua itumie faharasa au isome jedwali zima kwa mkupuo, na swali linapogusa karibu kila rekodi, mkupuo mara nyingi hushinda.

Kibaya kuliko vyote ni SQL ndani ya mzunguko: tuma sentensi, pokea safu moja, rudia. Tuseme programu iko Nachingwea, seva iko Dar es Salaam, na kila ombi linachukua milisekunde 50 kwenda na kurudi. Wakulima 5,000 ni sekunde 250 za kusubiri mtandao tu.

Kwa chama kikuu cha ushirika kama RUNALI, chenye wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ningemwachia karani CHAIN, na hesabu za msimu ningezipa SQL. Db2, kanzidata ya IBM i, mfumo uliorithi AS/400, inaruhusu zote mbili kusoma majedwali yaleyale, bila kunakili chochote.