Mama ntilie wa Nguvumali

Migahawa ya katikati ya jiji la Tanga ina sifa zake, lakini anayetaka kula vizuri bila kuvalia nguo za kutokea na aje Nguvumali asubuhi. Kazi ya mama ntilie huanza tangu jana yake: mchele wa vitumbua hulowekwa, husagwa, huchanganywa na tui la nazi, sukari, hamira na iliki, kisha huachwa uumuke. Alfajiri chuma chenye vishimo kiko motoni, mafuta kidogo katika kila kishimo, na mkono unaojua ni lini kitumbua kigeuzwe bila kuchanika. Mimi huomba vile vilivyokauka pembeni. Ndivyo vitamu, na wengine wakatae.

Mbaazi za nazi ndizo mtihani wenyewe. Tui la pili huivisha, tui zito huingia mwishoni, moto ukiwa umepunguzwa, la sivyo hukatika. Hakuna kitabu kilichomfundisha mpishi huyu. Amejifunza jikoni kwa mama yake.

Mchana ni wali, maharage, mchicha na samaki wa kukaanga.

Benchi ni moja: bodaboda, mwalimu, fundi ujenzi. Nazi na mkaa vinapanda bei, lakini mteja aliyezoeleka akiishiwa hula leo na kulipa akipata, tena bila kuaibishwa mbele za watu. Hiyo ni huduma ambayo benki hazina. Ukienda, wahi kabla ya saa tatu. Mbaazi huisha mapema.