Kosa la Tarakimu Nne za Mwanzo

Juma lililopita fundi alikuja kumfungia dada yangu intaneti ya faiba. Waya aliupitisha vizuri, ulinzi wa WPA2 akauwasha, neno la siri akaliweka la herufi kumi na sita. Alipoigeuza ruta juu chini, nikaziona kwenye kibandiko tarakimu nane za PIN ya WPS, njia ya kuunganisha kifaa na Wi-Fi bila kuandika neno la siri. Nikamwomba aizime. "Kaka, hiyo huwa tunaiacha," akanijibu. "Inawarahisishia wateja."

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua nisivyoivumilia WEP, ulinzi wa kwanza wa Wi-Fi. Leo nasema wazi kwamba WPS ni kosa baya zaidi. WEP ilitoka mwaka 1997, Wi-Fi yenyewe ikiwa changa, na ilibidi Fluhrer, Mantin na Shamir waumize vichwa mpaka 2001 kuonyesha jinsi ilivyoutumia vibaya usimbaji wa RC4. WPS ilizinduliwa mwaka 2007, usimbaji imara wa AES ukiwa tayari ndani ya WPA2. Kuivunja kulihitaji hesabu ya kujumlisha tu.

Twende polepole hapa. Tarakimu nane ni michanganyiko milioni 100. Ya nane hukokotolewa kutokana na saba zilizotangulia, kwa hiyo inabaki milioni 10. Mpaka hapo sina ugomvi mkubwa na mtu. Ugomvi unaanzia pale waliounda itifaki walipoamua kuikata PIN vipande viwili na kuvihakiki kimoja kimoja. Mgeni anatuma ujumbe wa nne, ule M4, wenye ushahidi wa tarakimu nne za mwanzo. Akikosea, ruta inakataa papo hapo. Asipokataliwa, amejua kwamba nusu ya kwanza ameipata, na haigusi tena. Anabaki na nusu ya pili, ambayo kwa kweli ni tarakimu tatu.

Basi majaribio ni 10,000 kwa nusu ya kwanza na 1,000 kwa nusu ya pili. Jumla 11,000. Palipotakiwa kuzidishwa, pamejumlishwa! Ukikadiria sekunde mbili kwa jaribio, ni sekunde 22,000, saa sita na dakika chache. Jirani anaanza watu wakienda kulala, na kabla ya alfajiri ruta inamkabidhi neno la siri lenyewe, liwe na herufi nane au sitini. Ukilibadilisha kesho, PIN ileile itampa jipya. Ni sawa na kutia komeo mlango wa mbele na kuufunga wa uani kwa kamba.

Sababu ya waliounda WPS naifahamu: walitaka ruta ya bandia isiweze kuipata PIN nzima kwa mkupuo. Hoja hiyo ina maana kwa PIN inayotumika mara moja ikatupwa. Kwa PIN iliyochapwa kwenye kibandiko ikakaa miaka, haina maana hata kidogo.

Kinachoniuma ni kwamba somo hili, la kutomwambia mvamizi amepatia wapi, lilikuwa limeshaandikwa. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wakieleza ulinzi wa maneno ya siri katika Unix, walionya kwamba mfumo usimwambie mvamizi kuwa jina la mtumiaji alilojaribu halipo. Hata tofauti ya muda wa kujibu waliiona ni uvujaji, wakaiziba. Wale walijali sehemu ya sekunde. Hawa wa WPS, karibu miaka thelathini baadaye, walimjibu mvamizi waziwazi.

Stefan Viehböck aliianika kasoro hii Desemba 2011, na programu ya Reaver ikafuata mara moja. Watengenezaji wakaongeza kufuli baada ya majaribio kadhaa. Mwaka 2014 Dominique Bongard akaonyesha kwamba baadhi ya chipu huzalisha namba nasibu dhaifu kiasi kwamba PIN inakokotolewa bila kurudia majaribio, kwa hiyo kufuli hilo halikuwa na kazi. Kitufe cha WPS, kinachobonyezwa badala ya kutumia PIN, sikilaumu, maana dirisha lake hufungwa baada ya dakika mbili.

Pamoja na haya yote, kampeni za uhamasishaji kuhusu usalama wa Wi-Fi bado zinawaambia watu wafiche jina la mtandao, jambo nililolipinga hapa tangu zamani. Mtandao ukifichwa, simu yako ndiyo inayolitaja jina hilo kila iendako. Wanahimiza neno la siri refu, na ni sawa, ila kuhusu WPS hawasemi kitu.

WPS ya dada niliizima mwenyewe fundi alipoondoka. Ukurasa wa mipangilio, sehemu ya Wi-Fi, WPS, zima, hifadhi. Ilichukua dakika mbili. Leo jioni igeuze ruta yako, na ukiziona tarakimu nane, ingia kwenye mipangilio uizime WPS. Ikigoma kuzimika, badilisha ruta.