Mwenda wa Bayeke: neno la kijana na neno la mzee

Jina la Jean-Bosco Mwenda hutajwa kwanza pamoja na «Masanga» na sahani za 1952, Hugh Tracey alipomrekodi huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Mwimbaji alikuwa kijana wa miaka 22 hivi. Mwaka 1988, akikaribia miaka sitini, aliingia studio huko Cape Town, akaimba upya nyimbo zake za ujanani. Ni rahisi kuzisikiliza kama kivuli cha zile za kwanza. Hukumu hiyo ina kasoro. Sahani ya zamani, ya mizunguko 78 kwa dakika, ilibeba dakika tatu hivi kila upande. Urefu wa wimbo ulipimwa na chombo, si na mtunzi peke yake. Basi matini ya 1952 si asili timilifu iliyoharibiwa na uzee. Mwanafunzi anayenakili beti za 1988 kisha kuzisahihisha kwa kufuata zile za 1952 anamnyang'anya mtunzi haki ya kuirudia kazi yake. Mwenda alifariki mwaka 1990. Matini zote mbili zifundishwe, kila moja na tarehe yake. Neno la kijana lisifute neno la mzee.