"Mfumo wa Taarifa": Uhakiki wa Istilahi na Matumizi Yake

Miongoni mwa istilahi za uendeshaji wa biashara zilizoenea upesi kuliko maana zake ni "mfumo wa taarifa". Hatuna ugomvi na istilahi yenyewe. Tunalolihakiki ni jinsi inavyotumika maofisini na katika mafunzo, hata ikapoteza nusu ya maana yake. Ili hoja isielee hewani, tutaipima kwa biashara ya korosho ya Nachingwea na Ruangwa, na mkulima wa Mtua atakuwa kipimo chetu.

Neno "mfumo" latokana na kitenzi "fuma". Kitu kilichofumwa ni nyuzi nyingi zilizoshikana. Ndivyo ulivyo mfumo wa taarifa katika shirika lolote la biashara: ni watu, taratibu, kumbukumbu, vifaa na njia za mawasiliano, vilivyounganishwa ili mwenye kuamua apate cha kuamulia kwa wakati wake. Kompyuta ni uzi mmoja tu. Walakini siku hizi "mfumo" umegeuka kuwa jina la kompyuta. Husemwa "mfumo umegoma" au "malipo hayajasoma kwenye mfumo". Semi hizi hazina kosa la sarufi. Ubaya wake ni kwamba zinamwondoa mtu katika sentensi. Karani, meneja na benki hawaonekani tena. Mkulima aliyepeleka magunia yake akajibiwa hivyo, amuulize nani?

Tazama safari ya korosho zake. Stakabadhi za ghala ziliwekewa sheria mwaka 2005, na utaratibu huo ukaanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka mzigo katika chama cha msingi. Karani hupima uzito, hutenga daraja, na huandika stakabadhi. Mzigo huenda ghala kuu. Chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha vyama vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, husimamia mnada. Bei hutangazwa, makato hukatwa, malipo hupitia benki. Huu ulikuwa mfumo kamili wa taarifa tangu zama za leja na zabuni za karatasi. Minada ilipoanza kuendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania mwaka 2024, uzi mmoja ulibadilishwa. Mfumo haukuzaliwa siku hiyo.

Kasoro ya pili ni kuchanganya "data", "taarifa" na "habari", kana kwamba ni neno moja lenye sura tatu. Kilo zilizoandikwa kituoni ni data. Zikijumlishwa kwa daraja na kwa ghala, zikamwonyesha meneja kiasi gani kiko tayari kuuzwa, zimekuwa taarifa. Bei ya mnada ikisikika redioni ni habari. Mkulima akiweza kuilinganisha na makato yake na kujua atapata kiasi gani, imekuwa taarifa kwake.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Novemba 2018 Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kabla ya malipo, wakulima walihakikiwa ili kuwatenga watu wa kangomba, yaani walanguzi wanunuao kwa mkulima nje ya utaratibu. Daftari zilikuwa na majina na kilo. Hizo zilikuwa data. Swali lilikuwa kama mwenye kilo hizo anayo mikorosho ya kuzizaa. Ikabidi watu waende mashambani kuangalia, na malipo ya wakulima wengi yakachelewa. Data zilikuwapo tele; taarifa iliyohitajiwa haikuwapo.

Nachingwea inao ushahidi wa zamani zaidi. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliletewa matrekta, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Vifaa vilitangulia, ujuzi wa udongo, mvua na mahali ukafuata nyuma.

Kwa hiyo twapendekeza:

(i) "Data" litumike kwa kumbukumbu ghafi, na "taarifa" kwa data zilizochambuliwa kwa ajili ya uamuzi. "Habari" libaki kwa yanayotangazwa.

(ii) "Mfumo" lisitumiwe peke yake pale inapokusudiwa kompyuta, programu au mtandao. Kilichoharibika kitajwe kwa jina lake.

(iii) Ofisi inapoeleza ucheleweshaji, sentensi iwe na mtenda: "karani hajaingiza uzito", "benki haijapokea orodha".

Watakuwapo watakaosema kwamba "taarifa" tayari lina maana ya ripoti, tena hutumika polisi na redioni. Ni kweli, lakini maneno mengi hubeba maana zaidi ya moja, na muktadha huzitenga. Kubuni neno jipya kungemwongezea mkulima mzigo bila faida.

Tunawaomba makarani wa vyama vya msingi, wasimamizi wa maghala na wakulima watuletee maneno wanayotumia mizanini. Mapendekezo haya hayana budi kupimwa huko kwanza, maana ndiko stakabadhi inakosomwa na mtu anayengoja fedha zake.